Pembetatu Niliyoichora kwa Poda

Mwalimu wetu wa Jiografia alikuja darasani na bomba. Si kitabu, si fimbo, bomba: lile la plastiki la kijivu ambalo mafundi hulipitisha ukutani kutoa maji ya chooni. Lilikuwa refu kuliko mimi, na mimi nikisimama saluni kwangu utosi unafagia dari. Alilibeba begani kama mtu anayekwenda vitani, na kweli siku moja pale stendi ya Msamvu askari arobaini walimzunguka wakidhani ni mzinga. Basi, walikuwa askari wawili, na mmoja alikuwa anatafuna mahindi. Lakini walimzunguka.

"Mzee, hicho nini?"

"Milima ya Uluguru," akajibu. "Mkitaka niitoe, mnishikie huku."

Ndani ya bomba mlikuwa na ramani kubwa za zamani, zile za moja kwa elfu hamsini, ambazo sentimita mbili za karatasi ni kilomita nzima ya kutoka jasho. Alizipata enzi akiwa mshika mnyororo wa wapima ardhi, yaani yule anayetangulia porini akivuta mnyororo wa kupimia huku bwana mpima akiandika kivulini. Ofisi ilipotaka kuzitupa, akaziomba. Mjini wakamwita Mzee wa Ramani. Sisi wa masomo ya jioni tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake silitaji. Nimeshaliharibu mara moja, inatosha.

Nilirudi shule nikiwa na miaka thelathini na nne, kinyozi mwenye mke, watoto na kitambi cha kuanzia. Darasani tulikuwa kondakta, mama lishe wawili, mlinzi wa ghala na mimi. Siku ya kwanza Mwalimu hakugusa ubao. Alituambia tufunge ngumi, akapita na kalamu akituchora miduara kwenye vifundo vya vidole, mmoja chini, mwingine juu yake, hadi kileleni. "Kila mduara ni urefu mmoja," akasema. "Sasa fungueni, mlaze kiganja mezani." Tukalaza. Miduara nayo ikalala. "Hiyo ndiyo ramani. Ni mlima uliolala. Kazi yenu mwaka mzima ni kuusimamisha."

Nilirudi nyumbani mkono mzima umechorwa. Mke wangu akauliza nani kanichora. Nikamwambia hizo ni kontua. Akasema basi nimtajie huyo Kontua anakaa mtaa gani.

Mtihani nilifaulu. Jiografia nilipata alama ambayo, nikiisimulia saluni, hupanda kila mwaka.

Alikuwa mtu wa vipimo. Ukimwambia mahali fulani ni mbali, anakukatiza: "Usiniambie mbali, niambie kontua ngapi." Lakini mtu huyo wa vipimo hakuwahi kufika popote kwa wakati. Akisema saa mbili asubuhi, wewe kanywe chai, rudi, lala kidogo. Alichukia simu zinazoonyesha njia; alisema simu inakuambia ulipo wewe, haikuambii nani alikuwa hapo kabla yako. Kisha ananipigia mara tano kwa siku kuuliza tochi ya simu yake inazimwaje. Waongo hakuwapenda kabisa, ila mkewe alipokuwa hai alimwapisha kila asubuhi kwamba hajatia chumvi kwenye uji, naye Mwalimu aliapa, na chumvi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, imefungwa kwenye karatasi. Nilimwona kwa macho yangu. Akanikonyeza.

Kalamu ya wino haikuruhusiwa kukaribia ramani zake. "Penseli!" alikuwa anafoka. "Wino ni wa watu wasiokosea, na mimi bado sijakutana nao." Kila alichokiongeza kwenye karatasi zile, jina la kijito, njia iliyokufa, mahali palipokuwa na soko, alikiandika kwa penseli, herufi ndogo kama chawa.

Baada ya kuhitimu nikaendelea kumfuata Jumamosi. Nilizaliwa mjini, chini kabisa ya mlima, na mlima kwangu ulikuwa ukuta wa nyuma ya nyumba. Yeye ndiye aliyeufungua. Tulipanda gari hadi Mkuyuni, kutoka hapo pikipiki kuelekea Kinole, halafu miguu. Na miguu ya Kinole siyo mchezo: unapanda katikati ya migomba na michungwa hadi unahisi malaika wanakupisha. Yeye, na umri wake ule, alikuwa mbele, bomba begani, akisimama tu kunisubiri na kujifanya anasoma ramani ili nisione aibu.

Siku niliyomwelewa ni siku ya nyumba nane. Kwenye ramani, juu ya Kinole, kulikuwa na vijidoa vinane vyeusi vya mraba, kila kimoja nyumba. Tulipofika hapakuwa na nyumba hata moja. Migomba iliyogeuka msitu, mashina ya mikahawa ya kale, jiwe moja la kusagia limepinduka. Jamaa mmoja aliyekuwa anachuma pilipili manga akatuambia hapajawahi kukaa mtu. Mwalimu hakubishana. Aliuliza tu mwanamke mkubwa wa eneo lile ni nani.

Tukapelekwa kwa Bibi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa kama mwenye mlima. Alikuwa mdogo wa mwili, amekaa kwenye kigoda anachambua karafuu. Tukaamkia. Mwalimu akatandaza ramani chini, akaizuia pembe kwa mawe, akaweka penseli kwenye kidoa cha kwanza.

"Bibi, hapa alikaa nani?"

Bibi hakujua kusoma, lakini alipoonyeshwa kijito kiko wapi na njia inapandia wapi, aliushika mlima ule uliolala kana kwamba ameuchora yeye. Akataja nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nani alikuwa na mbuzi, nani alikuwa mchawi wa kusingiziwa, nani alihama baada ya watoto kwenda mjini. Penseli ikawa inatembea. Kwenye nyumba ya saba akagusa kidoa kile kwa kidole.

"Hapa mama yangu," akasema. "Kumbe Wazungu walimwona."

"Walipita na ndege, wakapiga picha," Mwalimu akamwambia. "Pengine alikuwa uani."

Bibi akacheka huku machozi yanamtoka, akatuambia tusubiri wali.

Wakati wa kula akaniuliza mimi ni wa ukoo gani kwa mama. Nikautaja. Akatupa mikono juu. "Aa! Watani hawa! Ndiyo maana una kichwa kama fenesi!" Nami sikulaza damu: nikamwambia yeye amekauka kama mdalasini wa mwaka juzi, tumchemshe kwenye chai. Nyumba nzima ikacheka. Na tangu dakika ile mimi na Bibi tukawa mtani na mtani. Asiyejua utani wa kwetu aelewe hivi: mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuchukulia kuku mbele ya macho yako msibani, akakutukana juu yake, na wewe kazi yako ni kucheka. Lolote atokalo kinywani mwake ni utani.

Mwalimu yeye hakuwa mtani, kwa hiyo yeye aliaminiwa. Safari ya tatu au ya nne Bibi alituongoza hadi kwenye msitu wa ukoo wao. Kipande kidogo, miti mikubwa sana, ndani yake makaburi ya wakubwa zao, na chini ya jiwe moja chemchemi ambayo maji yake yalishuka kuwanywesha watu wote wa upande ule. Pembeni ya msitu ilisimama bikoni, nguzo fupi ya saruji ya wapima ardhi. Bibi alimwambia Mwalimu, "Nimekuonyesha kwa sababu unauliza vizuri. Hapa usiandike." Mwalimu akairudisha penseli mfukoni. Kwenye ramani mahali pale palibaki kama wapima walivyopaacha: pembetatu ndogo yenye nukta katikati, alama ya bikoni, na namba ya urefu. Hakuna zaidi. Mwaka mzima alipita na penseli kandokando ya pembetatu ile kama mtu anayezunguka mkeka wa watu wanaoswali.

Sasa nifike kwenye langu.

Niliiomba ramani ile ya Kinole kwa wiki moja. Hakuwahi kumwazima mtu karatasi hata moja, na mimi alinipa, akasema tu, "Mikono mikavu." Nilitaka kuwaonyesha wanangu. Nikawaonyesha, nikaikunja vizuri, nikairudisha siku ya Alhamisi bila doa. Kwa hilo sina kosa. Kosa lilikuwa saluni, siku moja kabla.

Kinyozi asiyeongea atafunga duka. Siku hiyo kitini kulikuwa na mteja mwenye tumbo, na nasema tumbo, mtu angeweza kulipandia kwa kamba. Nimemfunika shuka jeusi. Wateja wengine watatu wanasubiri, maongezi yamelala. Nikachukua poda, nikaanza kuchora juu ya tumbo lile. Nikachora kontua. Nikachora kijito kinachoshuka kuelekea mkanda. Nikachora njia kutoka Kinole, mahali inapogawanyika, na juu kabisa, karibu na kitovu, nikaweka pembetatu na nukta.

"Unaiona hii?" nikawaambia. "Hii ndiyo siri ya Mjerumani. Iko kwenye ramani ya Mzee wa Ramani. Kila alipofukia dhahabu aliacha pembetatu, na nukta ndiyo sanduku."

"Acha fiksi, kinyozi!"

"Haki ya nani! Mzee mwenyewe kila Jumamosi anapanda kufanya nini, kuchuma maua?"

Wakacheka hadi kiti kikatetemeka na mlima ukatetemeka nao. Mmoja akatoa simu, akapiga picha tumbo lile. Nami nilicheka kuliko wote. Ramani yenyewe ilichorwa na Mwingereza, miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka! Mwalimu alitufundisha hivyo darasani, na jibu lile nililipata kwenye mtihani.

Lakini mkoa wetu huu unajua watu wanavyoamini mali za Mjerumani. Mtu akiona jiwe limekaa vibaya anatafuta sururu. Haikupita wiki mbili, watu wakapanda Kinole na majembe na picha ya tumbo. Walichimba usiku na mchana kwenye bikoni, shimo la kumeza watu wawili, mmoja juu ya mwingine, na hapo siongezi. Hawakupata kitu, wakaingia msituni. Walifukua makaburi mawili. Walipasua jiwe la chemchemi wakidhani ni kifuniko, na maji yakawa tope, halafu yakapotelea ardhini na kutokea mbali, kwenye shamba la watu wengine. Wanakijiji walipowakamata wakawauliza nani kawaleta. Wakasema, "Imo kwenye ramani ya yule mzee."

Mwalimu aliitwa. Nilikwenda naye, sikuweza kukataa. Watu walikuwa wamejaa uani kwa Bibi, na Bibi amekaa kwenye kigoda kile kile, lakini mikono imetulia, hachambui kitu. Mwalimu alibaki amesimama. Hakupewa pa kukaa.

Bibi alimuuliza swali moja. "Walipajuaje?"

Mwalimu akasema, "Kosa ni langu, Bibi."

Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili. Niliona kisogo chake, nywele nilizomkata mwenyewe. Nikajisemea: anajua. Anajua ni mimi na ananifunika, mzee wa watu. Nikasubiri kinywa changu kifunguke. Kinywa kisichofungwa hata msibani, siku ile kilikuwa kama kimeshonwa kwa waya. Bibi akasema Mwalimu asikanyage tena mlima ule, yeye wala bomba lake. Wanawake waliokuwa pale walitukazia macho hadi tulipoishia kwenye migomba, na mmoja alikuwa na ndoo mbili tupu kwa ajili ya safari ndefu ya maji.

Kwenye kushuka Mwalimu alijikwaa mara mbili. Nikamshika mkono. Akasema, "Ahsante, kijana."

Aliacha kufundisha muhula ule. Aliacha Jumamosi. Nilipompigia alisema miguu inauma. Nikaendelea kuamini ananilinda, na kuamini huko kulinifaa: nilimshukuru kimoyomoyo kila siku, na shukrani ni rahisi kuibeba kuliko aibu.

Usidhani sikujaribu. Mwaka uliofuata nilikutana na Bibi kule Mkuyuni, siku ya soko, ameketi nyuma ya mafungu ya ndizi. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Bibi, wale wachimbaji ni mimi niliwaleta. Mwalimu hana kosa."

Akanitazama. Kisha akamwita mwenzake wa fungu la pili. "Njoo umsikie mtani wangu! Kichwa cha fenesi, hata jembe hajui kushika, leo amekuwa kiongozi wa wachimbaji!"

"Kweli, Bibi."

"Kweli! Na dhahabu umeiweka wapi, kwenye mashavu?"

Wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilihisi mzigo wa tani mia unashuka, nikanunua ndizi, nikapanda gari. Ulikuwa umeshuka kweli, hadi nilipofika nyumbani.

Ikapita miaka sita tangu shimo lile. Mwaka jana, masika yalipokatika, nikasikia Mwalimu yuko kwa binti yake, kule Kingolwira, na hatoki nje. Nikaenda na mkasi na kitana, kisingizio cha kumnyoa. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amepungua, nusu ya mtu niliyemjua. Bomba sikuliona. Nikauliza ramani ziko wapi. Binti yake akasema zimetandazwa chini ya godoro. "Anazilalia. Hataki zifunguliwe, hataki zitupwe."

Nilimfunga shuka shingoni, nikaanza kunyoa. Nikafika nyuma ya sikio, mkono ukakataa. Nikaweka mkasi chini.

"Mwalimu, nilitaka kukushukuru. Kwa siku ile kwa Bibi. Ulivyonifunika."

"Nilikufunika na nini?"

"Ulivyosema kosa ni lako. Ulijua ni mimi."

Akageuka na shuka lake, polepole. "Wewe ulifanya nini?"

Nikamwambia. Tumbo, poda, pembetatu, picha ya simu. Niliyasema yote bila kuongeza hata punje, na ninavyojijua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani. Alinisikiliza na nywele zimenyolewa upande mmoja.

"Uliponirudishia ile ramani," akasema, "kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliipeleka dukani wanitolee nakala. Adhana ikaita. Nikaona nikisubiri nitachelewa, nikaiacha mezani nikaenda kuswali. Niliporudi ilikuwa imefunguliwa, watu wanaitazama." Akafuta nywele kwenye goti. "Nilijua ni pale. Miaka sita, kijana. Kila nikisujudu nakiona kile kimeza."

Sikuwa nimelindwa na mtu. Alisimama uani kwa Bibi akasema kosa ni lake kwa sababu aliamini ni lake, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma, nina jibu mdomoni.

Akamwita binti yake. Akaja mbio, akidhani ameanguka. "Si mimi," akamwambia. "Mwanangu, sikia. Haikuwa mimi." Na uso wake ukafunguka kama wa mtoto, hadi binti akaanza kulia bila kujua analilia nini. Kisha akanigeukia, na alichosema afadhali angenipiga.

"Ahsante kwa kuniambia."

"Usinishukuru, Mwalimu."

"Nashukuru. Sasa namba ya Bibi unayo?"

Ninayo. Kila sikukuu nampigia tukatukanane. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Bibi akapokea kwa kicheko. Jina langu tu kwenye simu linamchekesha.

"Wewe fenesi! Leo si sikukuu, umeiba nini?"

"Bibi, nakupigia kwa habari ya chemchemi. Ni mimi. Niliichora saluni, wakapiga picha, wakaja. Mwalimu hakumwambia mtu."

"Hebu mwone! Bado hujachoka na kichekesho hicho?" Nikasikia akimwambia mtu pembeni yake, "Ni mtani, anasema dhahabu ameipata."

Nilikuwa nakaribia kucheka. Nasema ukweli: kicheko kilikuwa tayari kooni, kimezoea njia. Mwalimu akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Bibi, shikamoo," akasema. "Ni mimi, wa ramani. Hatanii."

Kule juu kuku mmoja akalia, mlango ukafungwa. Miaka sita Bibi hakuwa ameisikia sauti ile.

"Marahaba," akasema mwishowe, taratibu. Kisha, "Mrudishie simu."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Nakusikiliza, bwana," Bibi akaniambia. "Anza mwanzo."

Hakuniita mtani.